Thamani yangu nilikuwa nimeiweka kwenye simu ya mtu mwingine

Kwa kama mwaka na nusu hivi furaha yangu yote ilikuwa inakaa kwenye simu, tena sio simu yangu, simu ya mtu mwingine, mpenzi wangu wa wakati huo. Akijibu meseji haraka basi siku hiyo niko mwepesi, kazi zinaenda, watu wakinisalimia nacheka nao, hata nikijiangalia kwenye kioo najiona niko sawa kabisa. Akichelewa masaa matatu manne, tiki zimeshakuwa za bluu na kimya, kila kitu kinageuka. Kazi ile ile niliyoifurahia asubuhi naiona haina maana, uso ule ule kwenye kioo naanza kuutafutia kasoro, narudia kusoma nilichomwandikia neno kwa neno nijue wapi nimekosea, saa nane usiku bado niko macho naangalia mara ya mwisho alikuwa hewani saa ngapi.

Naandika hii kwa sababu najua siko peke yangu, na kwa sababu ilinichukua muda mrefu sana kuelewa kitu ambacho natamani mtu angeniambia mapema. Mi nilidhani shida yangu ni kwamba najithamini kidogo, kila mtu alikuwa ananiambia hivyo, jipende, jithamini, jikubali. Kumbe kujithamini nilikuwa nako, tena kwingi tu siku zingine, sema hakukuwa mikononi mwangu. Nilikuwa nimekukabidhi kwa mtu na kila siku inabidi niende kukuomba.

Kwanza tuelewane kwenye maneno maana watu wengi tunachanganya kujiamini na kujithamini, na mi nilichanganya miaka mingi. Kujiamini ni habari ya unachoweza: naweza kusimama mbele za watu nikaongea, naweza kuifanya hii kazi, naweza kujifunza kitu kigeni nikakiweza. Kujithamini ni habari yako wewe kama wewe, hata siku ambayo hujafanya chochote, hata siku umefeli. Unaweza ukawa na la kwanza tele na la pili likawa limekauka kabisa. Mi mbele za watu sitetemeki, uliza yeyote anayenijua, lakini mtu mmoja ninayempenda akinuna tu, naporomoka.

Kuna kipimo cha kujithamini ambacho watu wa saikolojia wanakitumia sana hadi leo, kiliandikwa na Morris Rosenberg, Mmarekani, kwenye kazi yake ya 1965 aliyoifanya kwa vijana zaidi ya 5,000 wa sekondari kule jimbo la New York. Ni sentensi 10 tu, unajibu unakubaliana nazo sana, kiasi, au hukubaliani. Mambo kama kwamba unajiona una thamani sawa na wengine, au kwamba kuna wakati unajiona hufai kitu. Nilikijaza siku moja jioni ambayo nilikuwa nimeongea naye saa zima tukacheka, nikapata alama za juu kweli, nikasema ah kumbe mi niko vizuri. Siku nne baadaye, kimya kimeingia, nikakijaza tena, sio kwa kutaka kupima chochote, nilikuwa natafuta tu kitu cha kunithibitishia. Nikashuka sana. Sentensi zile zile 10, mtu yule yule, kilichobadilika kwenye maisha yangu ni kwamba mtu hajajibu meseji.

Hapo ndo nikaanza kusoma, na nikakutana na jina la Michael Kernis, mwanasaikolojia ambaye miaka ya 80 mwishoni alisema jamani tusiangalie tu kujithamini kwa mtu kuko juu au chini, tuangalie na kunayumba kiasi gani. Yani watu wawili wanaweza kuwa na alama zinazolingana leo, mmoja zikakaa pale pale wiki nzima na mwingine zikawa zinapanda na kushuka kama pumzi. Kwenye utafiti wao wa 1989 waliokuwa wepesi zaidi wa hasira na chuki hawakuwa wale wenye alama za chini kama tunavyodhani, walikuwa wale wenye alama za juu zinazoyumba. Na wenye alama za juu zilizotulia ndo walikuwa na hasira kidogo kuliko wote. Nilivyosoma hiyo nilikaa kimya muda, kwa sababu nilikumbuka jinsi nilivyokuwa mkali kwa watu wengine wasio na kosa siku ambazo sijajibiwa. Mdogo wangu alishawahi kuniambia dada siku hizi ukija tunakusoma uso kwanza kabla ya kukusalimia. Iliniuma, na alikuwa sahihi.

Sasa swali ni kwanini mwingine anayumba na mwingine hayumbi. Na hapa ndo inaingia habari ya mafungamano, yani namna ulivyojifunza kumshika mtu unayempenda tangu ukiwa hujui hata kuongea.

Aliyeianza hii ni John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza. Hoja yake, ambayo aliiandika kwa kirefu kuanzia 1969, ni kwamba mtoto kumng'ang'ania mlezi wake sio kwa ajili ya maziwa tu na wala sio kudeka, ni hitaji kama njaa, kiumbe mdogo akiwa mbali na mkubwa anayemlinda anakufa, kwaiyo mwili umeumbwa kupiga kelele akiwa mbali na kutulia akiwa karibu. Na kutokana na mlezi anavyoitikia hizo kelele, mtoto anachora ramani ndani yake ya jinsi watu walivyo na jinsi yeye mwenyewe alivyo. Halafu anaishi na hiyo ramani.

Aliyeenda kuiona kwa macho ni mwanasaikolojia Mary Ainsworth, na kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba hakuanzia Marekani wala Ulaya, alianzia Uganda, 1954 na 1955, akitembelea familia 26 majumbani kwao kila baada ya kama wiki mbili, anakaa na mama, anauliza, anaangalia. Kitabu chake cha hiyo kazi kilitoka 1967. Kitu kimoja alichokiona pale mi sikisahau: akina mama ambao ukiwauliza habari za mtoto wanakueleza kwa kirefu, anapenda hiki, akilia hivi ana usingizi, akilia vile kuna kinachomuuma, watoto wao ndo walikuwa wengi zaidi kwenye kundi la waliotulia. Sio mama mwenye uwezo zaidi. Ni mama anayemjua mtoto wake. Wale watoto walikuwa wanatambaa wanaenda mbali kuchezea vitu, wanageuka kumwangalia mama, wanaendelea, wanarudi. Wanathubutu kwenda mbali kwa sababu wana pa kurudi.

Baadaye akiwa Baltimore, Marekani, alifanya lile jaribio linalojulikana, mtoto wa mwaka mmoja hivi na mama yake kwenye chumba kigeni chenye midoli, mama anatoka kidogo, anarudi. Watu wengi wanafikiri jambo kubwa ni mtoto analia au halii mama akitoka. Hapana. Jambo kubwa ni mama akirudi. Kuna mtoto analia, mama anarudi, anabebwa, anatulia, dakika mbili baadaye anacheza tena. Kuna mtoto mama akirudi anamng'ang'ania na hapo hapo anamsukuma, ana hasira, habembelezeki. Na kuna mtoto ambaye mama akirudi wala hageuzi shingo, anaendelea na mdoli wake kama hajaona kitu, ila watafiti waliokuja baadaye walivyopima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hii wakakuta moyo unaenda mbio. Anaumia, amejifunza tu kutoonyesha. Kundi la nne, la watoto ambao hawana hata mpango, wanasogea wanaganda, liliongezwa baadaye na Mary Main na Judith Solomon.

Mi kwenye kichwa changu nawaita waliotulia, wenye roho juu, na waliojikausha, na wa mwisho wanaotaka na kuogopa kwa wakati mmoja. Sio majina ya kitabuni lakini mimi yananisaidia kwa sababu Kiswahili chetu tayari kinajua haya mambo. Tuna neno kununa, tuna kususa. Kususa ni nini kama sio mtoto wa kundi la pili? Unataka kitu kwa moyo wako wote ndo maana unakikataa, ili mwenye nacho aje akubembeleze. Na mi nilisusa sana kwenye yale mahusiano. Naandika meseji ndefu nafuta, natuma neno moja, sawa, nikisubiri aulize una nini. Asipouliza ndo naumia mara mbili.

1987 wanasaikolojia wawili, Cindy Hazan na Phillip Shaver, wakapeleka hili jambo kwa watu wazima. Waliweka dodoso kwenye gazeti moja la Denver, Marekani, wakaandika aya tatu fupi za namna watu wanavyojisikia kwenye mapenzi na kusema chagua inayofanana na wewe. Kwenye majibu 620 waliyoyachambua, 56% walichagua ya waliotulia, 25% ya wanaokwepa ukaribu na 19% ya wenye roho juu. Ni watu waliojichagua kujibu dodoso la mapenzi gazetini kwaiyo usiichukue kama hesabu ya dunia nzima, ila mgawanyo wake haukuwa mbali sana na ule wa watoto, na hilo ndo lililowashtua watu.

Lakini iliyonifungua macho mimi ni ya 1991, ya Kim Bartholomew na Leonard Horowitz. Wao walisema ile ramani ya Bowlby ina maswali mawili ndani yake. La kwanza, je mimi ni mtu wa kupendwa? La pili, je watu wengine wanategemeka? Basi. Ukijibu ndiyo na ndiyo, umetulia. Ukijibu mimi hapana ila wao ndiyo, roho yako iko juu, utawakimbilia watu wakupe kile usichokuwa nacho. Ukijibu mimi ndiyo ila wao hapana, utajikausha, utasema mi simhitaji mtu. Na hapana hapana ni yule anayetaka kusogea na anaogopa kusogea.

Umeona? Swali la kwanza ni kujithamini kwenyewe. Sio kwamba kujithamini ni kitu kimoja na mafungamano ni kitu kingine halafu tunatafuta vinahusianaje, kimoja kiko ndani ya kingine. Mtoto hajui kama ana thamani mpaka amwone mtu mwingine anamgeukia akilia. Anajifunza thamani yake kwa kuangalia uso wa mtu. Na ambaye ule uso ulikuwa unamgeukia leo na kesho haumgeukii, bila mpangilio anaoweza kuuelewa, hawezi kuacha kuuangalia, akishakua anaendelea kuangalia nyuso. Na simu.

Mi sitaki kumlaumu mtu. Nililelewa na mikono mingi, kwa upendo, ila ilikuwa ni kuhama hama, leo kwa huyu mwaka kesho kwa yule, na kila nyumba ina namna yake ya kukupenda na sheria zake za kukasirika. Nikawa fundi wa kusoma watu. Mlango ukifunguliwa najua kwa hatua tu kama leo ni siku ya kuongea au ya kukaa kimya. Watu wakubwa walikuwa wananisifia kwamba huyu mtoto ana adabu, anajua hata usipomwambia. Leo nikiwaza najua kilikuwa nini, nilikuwa naulinda upendo usikimbie.

Na kuna hofu kwamba ukimjibu sana mtoto unamdekeza, ataharibika. Silvia Bell na Ainsworth walitoa matokeo 1972 kutoka kwenye familia za Baltimore, watoto ambao mama zao waliitikia haraka wakilia miezi ya mwanzo walikuwa wanalia kidogo zaidi kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza, sio zaidi. Kuna waliopinga baadaye namna walivyohesabu, lakini mi kwa uzoefu wangu naamini kabisa upande huu. Mtu mzima pia yuko hivyo hivyo. Aliyejibiwa hapigi kelele.

Nirudi kwenye waliojikausha maana watu wanawaonea wivu, na mi niliwaonea. Nina rafiki yangu wa karibu, simtaji, ambaye hata siku moja sijamwona akilia kwa ajili ya mtu. Akiachwa anasema poa, kesho yake yuko kazini. Ukimpa kile kipimo cha sentensi 10 anapata alama nzuri na haziyumbi yumbi kama zangu. Nikawa najiambia natakiwa niwe kama yeye, hiyo ndo dawa, jifunze kutomhitaji mtu. Nilijaribu miezi kadhaa, nilijikausha kweli kweli, sikumtafuta mtu. Halafu usiku mmoja huyo huyo rafiki yangu tukiwa tumekaa akaniambia kitu, akasema ujue mimi nikipata habari nzuri sina mtu ninayetaka kumpigia kwanza. Hakusema kwa huzuni, alisema kama anavyosema hali ya hewa. Lakini mi nilielewa hapo kwamba kutoumia sio furaha. Yeye thamani yake ameifungia ndani kwenye sanduku na funguo ameshika mwenyewe, hakuna wa kumwibia, na hakuna wa kumwongezea.

Kwa ujumla tafiti nyingi zinaelekea huko huko, waliotulia ndo wanaoripoti kuridhika zaidi na maisha, wenye roho juu wanabeba huzuni na wasiwasi mwingi, na waliojikausha wako katikati, hawateseki sana kama sisi ila uchangamfu wenyewe unakuwa mdogo hasa kwenye mahusiano.

Na kujithamini peke yake je, kunaleta furaha? Hapa kuna stori ndefu, nitaipitia haraka. 1986 jimbo la California liliunda kabisa tume ya serikali ya kujithamini, mwanasiasa John Vasconcellos ndo aliisukuma, wakiamini wakipandisha kujithamini kwa watu basi uhalifu, dawa za kulevya, kufeli shule, vyote vitapungua. Mashuleni ikawa kusifia watoto tu. 2003 Roy Baumeister na wenzake watatu wakapitia tafiti zilizokuwepo na kukuta kwamba kujithamini hakuleti ufaulu, mara nyingi ni ufaulu unaokuja kwanza, na hakuzuii vijana kuvuta wala kunywa. Ila kitu kimoja kilisimama: furaha. Wanaojithamini wanasema wana furaha, uhusiano wake ni mkubwa, ingawa wenyewe walionya kwamba haijathibitishwa kipi kinazaa kipi. Na Ed Diener, huyu ndo aliyetengeneza kile kipimo cha sentensi 5 cha kuridhika na maisha cha 1985, yeye na Marissa Diener walilinganisha nchi 31 mwaka 1995 wakakuta kujithamini kunaenda sambamba na kuridhika zaidi kwenye jamii ambazo mtu anajihesabu peke yake, na kwenye jamii ambazo mtu anajihesabu ndani ya kundi uhusiano upo ila ni mdogo zaidi. Hiyo mi inanipa maana. Kama wewe ni mtu ndani ya watu, huwezi kujipenda peke yako chumbani ukamaliza.

Ndo maana ule ushauri wa jipende kwanza unanichosha. Wanaoutoa wana nia nzuri, ila mtu ambaye swali lake la kwanza limejibiwa hapana tangu utotoni ukimwambia jipende, ni kama kumwambia mwenye kiu ajitemee mate. Nilisimama mbele ya kioo nikajisemea yale maneno mazuri kama walivyoshauri. Niliyasema kwa sauti. Ndani kuna sauti nyingine inajibu, mbona hajakujibu tangu jana.

Kitu kilichoniumiza zaidi kukijua ni utafiti wa Sandra Murray na John Holmes, wamefuatilia wapenzi na wanandoa miaka mingi. Wenye kujithamini kidogo wanakadiria chini jinsi wenzao wanavyowapenda. Mwenzake anamwona mzuri, ana sifa, anamtaka, na yeye anadhani anamwona kama anavyojiona mwenyewe. Halafu kwa sababu anategemea kuachwa, anaanza kujilinda, anamshusha mwenzake thamani, anajitenga kabla hajatengwa, na mwenzake anachoka kweli. Nilivyosoma hapo nilirudi kwenye zile chati za zamani, najua sio kitu kizuri kufanya lakini nilirudi. Nikasoma kama mtu wa nje. Yule mtu aliandika nimekukumbuka mara nyingi kuliko nilivyokuwa nakumbuka. Aliandika niko kwenye kikao nitakupigia. Alipiga. Na mi baada ya yeye kupiga nikawa nimejibu sawa, kwa sababu nilikuwa nimeshasusa. Sisemi alikuwa malaika, kuna siku alinyamaza makusudi na aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa amechoka. Lakini nusu ya ule ukimya niliutengeneza mimi kwa ramani yangu, na aliondoka akiamini mi ndo simpendi. Hilo bado linaniuma leo na sijapata namna ya kumwambia.

Jennifer Crocker na Connie Wolfe mwaka 2001 waliandika habari ya kujithamini kwenye masharti, kwamba kila mtu ana sehemu aliyotundika thamani yake, mwingine kwenye kazi, mwingine kwenye sura, mwingine kwenye kukubalika na watu, na ile sehemu ikiguswa ndo anatikisika. Swali la kujiuliza sio najithamini kiasi gani. Ni nimetundika wapi. Mi nilikuwa nimetundika kwa mtu mmoja, na mtu ana usingizi, ana vikao, simu yake inazima chaji.

Kubadilika kunawezekana, hilo nalisema kwa uhakika kwa sababu liko kwenye tafiti na liko mwilini mwangu pia. Miaka ya 80 Mary Main na wenzake walitengeneza usaili wa watu wazima kuhusu utoto wao, na walichokuwa wanakiangalia zaidi sio yaliyokupata, ni namna unavyoyaeleza. Kuna watu wamepitia utoto mgumu lakini wanauelezea kwa utulivu, mazuri wanayasema, mabaya wanayasema, stori inashikana, haikimbii wala haizami. Hao wanahesabiwa wametulia, utulivu wa kuutafuta. Na wengi walipata mtu njiani, mwalimu, mwenza, bibi, mshauri, mtu ambaye alikuwepo na akaendelea kuwepo.

Kwangu alikuwa mshauri nasaha mmoja ambaye nilimwendea kama miezi 10. Hakuniambia nijipende. Mara ya tatu nilichelewa kwa nusu saa nikafika nimeshajiandaa kusemwa, nimepanga maneno ya kujitetea njiani, akaniambia karibu, nilikuwa nakusubiri. Nililia pale pale mlangoni. Yani mtu amenisubiri na hajakasirika, mwili wangu haukujua ufanye nini na hiyo habari.

Na yeye ndo aliyenieleza habari za Kristin Neff, ambaye tangu 2003 anafanya utafiti kwenye kile kitu ambacho kwa Kiswahili ukisema kujihurumia kinapata harufu mbaya, kinakuwa kama kujiliza, kwaiyo mi nasema kuwa mpole kwa nafsi yako. Wewe na nafsi yako mnaongea vipi ukikosea. 2009 yeye na Roos Vonk walifuatilia watu kwa miezi 8 wakakuta upole huu unaendana na thamani isiyoyumba kuliko kujithamini kwenyewe. Inaeleweka, kwa sababu kujithamini mara nyingi kunakuja ukishinda na kukimbia ukishindwa, upole kazi yake inaanza pale pale uliposhindwa. Kiutendaji kwangu ni kitu kidogo sana. Roho ikianza kwenda juu naweka mkono kifuani, najisemea umeogopa, ni sawa kuogopa, hujaachwa, umeogopa tu. Sijiambii mi ni wa thamani. Sijiambii lazima atajibu. Ile ramani ya zamani haijafutika na sidhani kama itafutika, ila sasaivi nikiiona naijua kwamba ni ramani.

Kingine nimeacha kususa. Hii ni ngumu kuliko yote. Badala ya sawa naandika ukweli, nikikaa muda mrefu bila kukusikia naanza kuwaza vibaya, ukiwa bize niambie tu niko bize inanitosha. Mara ya kwanza kuandika hivyo vidole vilikuwa vinatetemeka kwa sababu ni kujianika, mtu anaweza akatumia hiyo kukuumiza. Kuna mmoja alijibu mbona una mambo mengi, na hakuendelea, na niliumia siku mbili tatu. Kuna mwingine alijibu asante kwa kuniambia, sikujua.

Huyu wa pili ndo tuko naye. Alhamisi iliyopita alikuwa safarini, meseji yake ya mwisho ilikuwa saa mbili usiku, halafu kimya. Saa nne kifua kikaanza kubana kama zamani, kabisa kabisa, mwili haukujali kwamba nimesoma vitabu vyote hivi. Niliangalia simu mara tatu, nahesabu. Nikaweka mkono kifuani, nikakaa nao hivyo hivyo, nikamwandikia nalala, ukifika niambie, nikageuza simu ikalala kifudifudi mezani na nikarudi kwenye kitabu nilichokuwa nasoma. Alijibu saa sita kasoro. Niliiona asubuhi.